Nilipanda Bungu na daftari, nikapewa jembe

Jumapili, saa nne usiku. Nipo kimbwetani, taa inawaka na kuzima.

Wadau, samahanini kwa kimya. Niliahidi kuandika kila wiki, na hii ni wiki ya nne sijaandika hata mstari mmoja. Si mitihani, wala si boom kuchelewa (ingawa limechelewa kweli, tunaishi kwa mihogo na chai ya rangi). Nilikuwa nyumbani Bungu, na yaliyonikuta kule nimekuwa nikiyazungusha kichwani bila kujua nianzie wapi. Leo nimeamua niandike tu, hata kama yatatoka shaghalabaghala. Mhusika mwenyewe nimemwomba ruhusa. Alicheka kidogo kwenye simu akasema, "Andika, ila jina langu usiliweke." Basi jina siweki, na mengine nimeyaacha kwa makusudi.

Kwa wageni wa hapa: nasoma uuguzi, na muhula huu tumeingia afya ya akili. Mimi niliupenda uuguzi kwa sababu ya kazi za mikono. Kusafisha kidonda, kuweka dripu, kupima presha. Unafanya kitu, unakiona, unaandika kwenye faili, unahamia kitanda kingine. Nilipoona kwenye ratiba kuna somo la tiba ya mazungumzo nikajua hapa ndipo pa kupumzikia. Kuongea na mtu, nani asiyejua? Mimi Msambaa wa mlimani, salamu tu kwetu inaweza kumaliza nusu saa. Madesa ya famakolojia nikayapa msuli wote, ya mazungumzo nikayaweka chini ya godoro.

Siku ya kwanza ya mazoezi mkufunzi akatupanga wawili wawili. Mmoja awe mgonjwa, mwingine awe nesi, dakika kumi, na simu inarekodi. Halafu tukasikilizishwa. Jamani, we acha tu. Nilimkatiza mwenzangu kabla hajamaliza sentensi ya pili. Ndani ya dakika kumi nilitoa ushauri mara tisa na kusema "usijali" mara nne. Mkufunzi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipomwambia asijali, aliyepata nafuu ni yeye au ni wewe?"

Darasa zima kimya. Nilitamani sakafu inimeze.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma kwa adabu. Nikamsoma Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, ambaye mwaka 1952 alitoa kitabu kilichosema kwamba uhusiano wenyewe kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Yaani siyo kwamba unajenga uhusiano ili mgonjwa akubali sindano. Uhusiano nao ni dawa. Nikamsoma Carl Rogers, aliyeandika mwaka 1957 kuhusu mambo yanayohitajika ili mtu abadilike. Upande wa msaidizi anataka matatu hasa: awe mkweli na asiigize, amkubali mtu bila masharti, na ajitahidi kuiona dunia kwa macho ya mwenzake. Ukiyasoma ni rahisi kabisa, mtu unajiuliza hapa shida iko wapi. Shida ni kuyafanya.

Tulifundishwa mbinu pia. Maswali ya wazi badala ya maswali ya "ndiyo" na "hapana". Kumrudishia mtu alichosema kwa maneno yako, ili ajue umemsikia na akusahihishe kama umekosea. Kutaja hisia unayoiona. Kukaa kimya bila kuhangaika. Na lile lililotutisha wote: ukiwa na shaka kwamba mtu anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Wengi tuliamini ukimuuliza utampa wazo. Mkufunzi akatuambia suala hilo limechunguzwa, na kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo, maana alikuwa anaubeba peke yake. Tukafanya mazoezi ya kulitamka lile neno kwa sauti, mmoja mmoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi sauti ilikatika.

Basi likizo fupi ikafika, nikapanda basi la Tanga, nikashuka Korogwe.

Wanaojua njia ya Bungu wakati wa masika watanihurumia. Ukitoka Korogwe unaanza na joto la mkonge, kisha unapanda, unapanda, mpaka unaingia kwenye chai ya Dindira na ubaridi unaanza kukung'ata masikio. Njia ilikuwa tope tupu. Dereva wa bodaboda alinishusha mara tatu nitembee kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki. Nilifika nyumbani nikiwa na rangi moja na barabara. Mama alinipokea kwa uji, na kabla sijamaliza kikombe akasema, "Mwanangu, wewe si unasomea mambo ya kichwa? Kesho kaongee na mjomba wako."

Mjomba ni mdogo wake mama. Nimekua mgongoni kwake. Sisi wawili tunaitana mjomba, yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, na tangu utoto ndiye mtu aliyenichekesha kuliko wote. Mwaka jana alifiwa na mkewe. Mimi nilikuja msibani siku tatu nikarudi chuoni, nikajua maisha yameendelea. Kumbe hayakuendelea. Mama aliniambia ameacha kwenda kwenye maharage yake, ameacha kanisa, anaamka saa nane za usiku na kuzunguka nyumba, chakula akipelekewa anakula vijiko viwili. Akiulizwa ana nini anajibu, "Mawazo tu."

Wadau, naomba nisimame hapa kidogo. Kitabuni ugonjwa huu unaitwa sonona. Ni neno zuri, la Kiswahili sanifu, lina undugu na kusononeka. Lakini mlimani kwetu sijamsikia mtu akisema ana sonona. Watu wanasema wana mawazo, au mwili hauna nguvu, au kichwa kinawaka moto, au usingizi umewakimbia. Na hatuko peke yetu. Zimbabwe, Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Daktari mmoja wa huko, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza mradi wa Benchi la Urafiki. Aliwachukua kina bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii, akawafundisha tiba fupi ya kutatua matatizo, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye lile benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisoma habari hiyo hapa chuoni nilifurahi sana, nikasema basi mimi ndiye benchi la Bungu!

Kesho yake asubuhi nikaoga, nikavaa vizuri, nikachukua daftari na kalamu, na ndani ya daftari nikaweka lile dodoso la maswali tisa tunalotumia kupima sonona. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla yake 27. Nikaenda kwa mjomba.

"Onga makeo, mjomba." Akaitikia. Tukazimaliza salamu zote, za watu, za mvua, za mifugo. Halafu mimi nikafungua daftari.

"Mjomba, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo?"

Akaliangalia daftari. "Unaniandikisha nini, mjomba?"

"Hapana, nataka tu kujua unaendeleaje."

"Nimechoka."

Nikakumbuka mbinu ya kurudisha maneno. Nikasema kwa sauti ya upole kama tulivyofundishwa, "Nasikia unasema umechoka."

"Ndiyo. Nimesema nimechoka."

"Uchovu huo unakuelemea."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Mjomba, huko Dar mnasomea uuguzi au mnasomea ukasuku?"

Siku nyingine tungecheka mpaka machozi. Siku ile hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, nikabaki kibarazani na daftari langu. Nilirudi nyumbani nimenywea. Mama akauliza, "Vipi, amepona?" Aliuliza kwa dhati kabisa, siyo utani.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira na masomo, nikiona haya ni mambo ya wazungu, watu wa kulala kwenye makochi na kusimulia ndoto. Lakini nilipoendelea kuwaza niliona tatizo si mbinu. Mbinu nilizipeleka kama silaha. Nilikwenda kumtibu mjomba mbele ya mama, mbele ya daftari, mbele ya mkufunzi ambaye hayupo. Rogers alisema usiigize. Mimi niliigiza tangu naingia mpaka natoka, hadi sauti haikuwa yangu. Na lugha je? Maisha yetu yote mimi na mjomba tunaongea Kisambaa. Siku ile nilimsemesha Kiswahili cha dodoso.

Kesho yake sikubeba kitu. Nilifika nikamkuta amekaa pale pale. Nikasalimia, nikamwambia kwa Kisambaa kwamba jana nilikosea, nilikuja kama mtu wa sensa, anisamehe. Hakujibu. Nikamwambia maharage yake nimeyaona njiani, yamemezwa na majani, mimi naenda kupalilia. Nikachukua jembe lililoegemea ukuta. Nilishafika kwenye kona ya migomba ndipo nikasikia nyayo nyuma yangu. Naye kachukua jembe.

Tulipalilia kama saa nzima bila neno. Kimya kile kilikuwa rahisi kuliko kimya cha darasani, maana mikono ilikuwa na kazi na macho hayakulazimika kukutana. Baadaye nimegundua kwamba hata hilo lina mahali pake kwenye vitabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa msaada wa mazungumzo wa mikutano mitano, ambao hata asiye mtaalamu anaweza kufundishwa na kuutoa akisimamiwa. Ndani yake mna kupumua taratibu, kushughulikia tatizo moja moja, kurudi kwenye shughuli kidogo kidogo, na kuimarisha watu walio karibu naye. Hilo la kurudi kwenye shughuli lina sababu yake. Mtu mwenye sonona husubiri hamu ije ndipo afanye kitu, na hamu haiji. Kwa hiyo unaanza na kitu kidogo bila hamu, na hamu inakuja nyuma, ikikokota miguu. Mimi sikuwa najua kwamba nafanya hivyo. Nilikuwa naona aibu tu, na jembe lilikuwa karibu.

Kwenye mstari wa tatu au wa nne mjomba akaanza kuongea. Hakunitazama. Alianza na njia: jinsi ile njia inavyokuwa usiku mvua ikinyesha. Halafu akaingia kwenye usiku wenyewe. Mkewe alianza kuumwa jioni. Yeye akapiga hesabu, mvua, giza, tope, fedha ya gari, akasema tusubiri kukuche. Kulipokucha wakambeba kwa machela. Hakufika.

"Mimi ndiye niliyesema tusubiri," akasema. Akarudia. "Mimi ndiye niliyesema."

Wadau, mdomo wangu ulishafunguka. Nilikuwa na sentensi tayari: mjomba, siyo kosa lako, ni mipango ya Mungu, usijali. Nadhani ameshaambiwa hivyo mara mia tangu msibani. Nikalikumbuka lile swali la mkufunzi, nani atakayepata nafuu? Nikaifunga sentensi yangu. Nikasema tu, "Umekuwa ukiubeba usiku ule peke yako tangu mwaka jana."

Akasimamisha jembe. Mjomba wangu ambaye sijawahi kumwona analia, hata kaburini, alilia. Mimi sikufanya kitu. Sikumpa kitambaa, sikumwambia anyamaze. Nilisimama pale karibu naye mpaka kikaisha. Ilikuwa kama dakika tano, nami niliona kama mwaka.

Halafu akasema jambo ambalo lilinipandisha nywele. Alisema, "Ningekuwa nimeshamfuata, ila nawaonea huruma watoto."

Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza. Mtu anaweza kuyapitisha maneno hayo kama usemi wa kawaida wa mfiwa. Ningeweza kusema "usiseme hivyo, mjomba", tukaendelea kupalilia. Moyo ulikuwa unadunda. Nikauliza, kwa Kisambaa, kwa maneno ambayo hayana pa kujificha: "Mjomba, unafikiria kujiua?"

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ndiyo."

Nikauliza kama amefikiria atafanyaje, na kama amekiweka tayari chochote. Ndiyo. Nikauliza kama ni leo au kesho. Akasema hapana, ni mawazo yanayokuja usiku, kwenye zile saa nane. Tukakaa chini ya mgomba. Nilimuuliza kitu gani kimemzuia mpaka leo, akaniambia kuhusu mtoto wake mdogo, na mengine ambayo nayaacha. Nilimwomba tukakitoe nyumbani kile alichokuwa amekiweka, akakubali, tukaenda pamoja nikakichukua. Nikamuuliza usiku mawazo yakija atamwamsha nani. Akafikiri sana. Akasema jina la rafiki yake wanayeimba naye kwaya. Sikutegemea. Nilidhani atasema mama.

Kisha nikamwambia la mwisho, na hili ndilo lililotugombanisha: siwezi kukaa na jambo hili peke yangu, lazima nimwambie mama na lazima tuende kwa wahusika. Alikasirika. "Nimekuambia wewe, sikuwaambia wao." Nikamwambia kwamba yale ya usiku ule wa mvua ni yake, sitayasema kwa mtu (ruhusa ya kuyaandika hapa nimepewa baadaye). Lakini la kufa haliwezi kuwa siri. Akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mtanipeleka Lutindi."

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Lutindi iko mlimani wilaya hii hii ya Korogwe. Wamisheni wa Kijerumani walianzisha kituo pale mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Miaka michache baadaye, mwaka 1904, kikaanza kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, na ndiyo maana watu huitaja kama hospitali ya kwanza ya akili Afrika Mashariki. Hata Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, kwenye miaka ya 1920. Leo Lutindi iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na tangu zamani inajulikana kwa kuwapa wagonjwa kazi za mikono na mashamba, chai ikiwemo, kama sehemu ya matibabu. Sasa fikirieni: tuna jina lenye historia ndefu hivyo, na sisi watoto wa mlimani tulilifanya tusi. Ukicheza vibaya mpira, "huyo wa Lutindi". Ukivaa viatu tofauti, "karudi Lutindi". Mimi mwenyewe nimesema hivyo, sana tu. Na siku ile mjomba wangu alikuwa tayari kufa kuliko kuwa lile neno nililokuwa nalirusha uwanjani.

Nilimwambia ukweli kadiri ninavyoujua. Kwamba kwanza tutaanza na kituo cha afya, kwamba kuna dawa, kwamba wengi hutibiwa wakiishi kwao, na kwamba hata mtu akilazwa Lutindi, kule ni hospitali, si jela. Sikumwahidi kwamba atapona wiki ijayo. Nilimwambia nitakwenda naye, nitakaa nje kama hataki niingie.

Jioni nilimpigia simu mkufunzi wangu, natetemeka. Nilitegemea sifa, nisifiche. Akanisikiliza mpaka mwisho (naye anajua kazi yake), akasema mambo mawili. La kwanza, nilifanya sawa kuuliza na nilifanya sawa kutoficha. La pili, kuanzia sasa niache kuwa mtaalamu wa mjomba. "Wewe ni mpwa wake," akasema. "Mtibu wake awe mtu mwingine. Ukiwa yote mawili utaharibu yote mawili." Liliniuma kidogo. Nilikuwa nimeshajiona daktari bingwa wa mlima mzima.

Mama naye nilimwambia, nusu tu, ile nusu ya lazima. Alikaa kimya akichochea moto, halafu akasema, "Na mimi nilikuwa namwambia ajikaze." Sikumrudishia maneno, sikutumia mbinu yoyote. Nilimkumbatia tu.

Siku mbili baadaye tulikwenda kituoni, mimi, mjomba na yule rafiki yake wa kwaya. Nilikaa nje kwenye benchi zaidi ya saa nzima. Muuguzi aliyempokea ni mama mtu mzima, na kupitia dirishani nilisikia jambo moja tu kabla hawajafunga: alimsalimia kwa Kisambaa, salamu zote, bila haraka, za watu, za mvua, za mifugo. Nikajisemea, huyu mama hajawahi kuambiwa na mtu kwamba ni kasuku. Mjomba alitoka na dawa na tarehe ya kurudi.

Sasa nipo huku nasoma tena yale madesa, yametoka chini ya godoro. Kuna mwanahistoria, Steven Feierman, aliyetuandikia Wasambaa vitabu, na kile cha mwaka 1990 kinazungumzia maneno mawili ya wazee wetu: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme na waganga wa mvua walihukumiwa kwa hayo, kama mvua imekuja na chakula kipo. Kilichonishika ni kwamba wazee hawakuuona uponyaji kama kazi ya mtu mmoja mwenye dawa mfukoni. Nchi nzima ilihusika. Mjomba naye hakuponywa na mimi, na hajapona bado. Ana dawa, ana yule muuguzi, ana mwanakwaya wa kuamshwa saa nane za usiku, ana mama ambaye ameacha kumwambia ajikaze, na ana maharage.

Wiki iliyopita alirukia tarehe yake ya kliniki, mama akanipigia analia. Nikampigia, simu ikaita bila kupokelewa mpaka usiku, na niwaambie kweli, usiku ule nilijua maana ya mambo yote tunayosoma kuhusu mtoa huduma kujitunza. Alipokea asubuhi. Mvua ilikata njia, akaenda siku ya pili yake. Ndivyo ilivyo, kupanda na kuteleza kama njia ya Bungu yenyewe.

Leo mchana kanipigia yeye mwenyewe, bila kuombwa. Nikamuuliza, "Habari za siku mbili hizi, mjomba?" Akasema, "Nimepalilia mistari mitatu." Nikataka kusema hongera, nikajizuia. Nikasema, "Mistari mitatu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani, akasema, "Kasuku wewe."

Haya wadau, kama kuna mtu wako anayesema ana mawazo tu, kesho mwulize mara ya pili. Na kama ni wewe mwenyewe, mwambie mtu mmoja leo, kisha nendeni wote kituo cha afya. Mimi narudi kwenye famakolojia, mtihani ni Jumatano na sitaki kudisko.